Ngoma ya Wanyama Katika Njia ya Misafara

Msafara wa karne ya kumi na tisa ulipokaribia kijiji cha Unyamwezi haukuingia kimya. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia, amejitanda kitambaa chekundu, ngozi ya mbega mabegani na manyoya ya ndege kichwani. Nyuma yake ngoma zikalia, bunduki zikapigwa hewani, na wapagazi, ambao asubuhi yote walikuwa wameelemewa na mizigo ya pembe za ndovu, wakazinduka kwa wimbo, ili wenyeji watoke majumbani wapate kujua ni akina nani wajao na wamechukua nini. Ilikuwa biashara, na ilikuwa tamthilia vilevile, yenye mavazi yake, sauti zake, na hadhira isiyolipa kiingilio. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, waliyaona hayo kwa macho yao, na Burton aliyaandika kwa mchanganyiko wa mastaajabu na dharau uliokuwa desturi ya wasafiri wa zama zake.

Nzega, mji wa Unyamwezi hiyo hiyo, imerithi kitu katika mambo hayo, japokuwa misafara imekwisha zamani na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, iliipita mbali. Barabara itokayo Singida na Igunga huja kuonana hapo na ile ya Tabora, kisha huendelea hadi Tinde, ambako njia ya Mwanza na njia ya Rwanda huachana. Mji wa namna hiyo huzoea kutazama kipitacho. Malori hupita, mabasi husimama, ng'ombe huswagwa kwenda mnadani, na watu wenye kungoja, ambao katika njia panda hawakosekani kamwe, huwa tayari kuwa watazamaji wa jambo lolote litakalotokea mbele yao. Ndiyo sababu nadhani kwamba lau mtu angetaka kuwaeleza Watanzania wa magharibi habari ya mabadiliko ya tabianchi na yale yanayowapata wanyama kwa ajili yake, asingekuwa na ukumbi bora kuliko uwanja wa mnada, wala hangelazimika kuagiza ufundi kutoka ng'ambo.

Ng'ambo, hata hivyo, kuna mfano uliosikika sana, na haukuanzia Ulaya bali Afrika yetu hii. Mwezi wa Aprili 2025, mjini Kinshasa, kundi la wanyama wa boksi gumu na mbao nyembamba lilitoka na kuanza safari ya takriban kilometa 20,000 kuelekea kaskazini ya dunia: sokwe, twiga, pundamilia na wenzao, wengine wakubwa kama walivyo porini, kila mmoja akichezeshwa na watu waliosimama dhahiri pembeni yake au ndani ya mbavu zake, bila pazia la kuwaficha. Mchezo huo uliitwa The Herds. Sanamu zilisanifiwa na chama cha wasanii cha Ukwanda cha Cape Town, na uongozi wa sanaa ulikuwa wa Amir Nizar Zuabi, ambaye mwaka 2021 alikuwa ameongoza safari ya Amal, kikaragosi cha binti wa Kisiria chenye urefu wa mita tatu na nusu, kilichotoka Gaziantep mpaka Manchester kwa miguu ya wachezaji wake. Kundi la Kinshasa lilipita Lagos, Dakar na Moroko, likavuka bahari, likapita miji mikubwa ya Ulaya, likamaliza safari mwezi wa Agosti huko Norway, ndani ya duara la aktiki. Na kila lilikofika, vijana wa mahali walifundishwa kuunda na kuchezesha sanamu, na wanyama wa nchi hiyo wakajiunga na wakimbizi.

Hikaya yenyewe ni fupi: joto limewatoa wanyama makwao, nao wanakimbilia baridi. Hapana hotuba. Twiga huinamisha shingo juu ya gari lililokwama katika msongamano, dereva hushusha kioo, na mtu ambaye asingesoma hata ukurasa mmoja wa taarifa ya wataalamu hujikuta akitazamana uso kwa uso na mhanga wa habari ile ile. Jambo la ajabu katika sanaa ya vikaragosi ni kwamba kuonekana kwa mchezeshaji hakumharibii mtazamaji imani yake. Mtu aona mkono ulioshika kijiti, aona jasho la mwenye mkono, na bado huuonea huruma mdoli uliopumua.

Huruma hiyo ndiyo inayoadimika katika hesabu. Ukame ulioishika pembe ya Afrika tangu mwaka 2020 ulikausha misimu mitano mfululizo ya mvua kaskazini na mashariki ya Kenya, na mwezi wa Novemba 2022 serikali ya nchi hiyo ilitoa idadi ya wanyama waliokutwa wamekufa katika muda wa miezi tisa: nyumbu 512, pundamilia 381, ndovu 205, nyati 51, na pundamilia adimu wa Grevy 49. Msomaji wa gazeti huzipitisha tarakimu hizo chini ya macho kisha hugeuza karatasi kutafuta habari za mpira. Simlaumu. Hesabu haikuumbwa kutoa machozi. Lakini ndovu mmoja wa boksi, aliyepiga magoti ukingoni mwa lambo kavu wakati watu wamekuja kununua ng'ombe, hawezi kugeuzwa kama ukurasa. Na hapo ndipo mwigizaji apatapo wasaa wa kueleza kwamba ndovu mzima huweza kunywa lita 200 kwa siku, na kwamba anapoyakosa maji hayo porini huyafuata kisimani, mahali ambapo akina mama nao wameyafuata.

Kabla ya kuigiza, hata hivyo, inafaa kujua nini kiigizwe, na hapa Nzega ina mambo yake. Mvua ya Unyamwezi ni ya msimu mmoja, ianzayo aghalabu mwezi wa Novemba na kukoma Aprili, na maisha ya viumbe vyote, mtu na mnyama, yamepangwa juu ya msimu huo. Mumbi, yule ndege mkubwa mweusi mwenye kidevu chekundu atembeaye kwa heshima ya kadhi, hutazamiwa na wakulima wengi kwa habari ya mvua. Korongo weupe wazaliwao Ulaya huja Afrika kipindi hicho kufuata panzi na viwavi. Nyanda za Wembere, upande wa Igunga, zinapofurika katika miaka ya neema hujaa ndege wa majini wanaotaga kwa maelfu, na katika miaka ya ukata hubaki udongo uliopasuka. Mpango wa namna hii hauhitaji mvua ipungue sana ndipo uvurugike. Yatosha ije kwa kuchelewa, au imwagike yote kwa juma moja kisha ikate, maana yai lina siku zake na kinda lina njaa yake, wala hayawezi kuahirishwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko miaka yote iliyopimwa, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Nyuzi moja na nusu husikika kuwa kitu kidogo kwa mtu aliye kivulini. Si kidogo kwa lambo lenye kina cha magoti, ambalo jua hulinywa kabla ya ng'ombe.

Wafuga nyuki wa mkoa wa Tabora, ambao asali yao ya miyombo ina sifa nchi nzima, wanayafahamu hayo bila kipimajoto. Nyuki wa Afrika si mtumwa wa mzinga: maji na maua yakikosekana huuacha na kwenda zake, na mwenye mzinga hukuta sega tupu. Kwelea kwelea nao, ndege mdogo ambaye peke yake hula takriban gramu kumi za nafaka kwa siku, huwa balaa anapokuja kwa milioni. Mbegu za majani ya porini zikiisha kwa kiangazi kirefu huyashukia majaluba ya mpunga na mashamba ya mtama, na mkulima aliyekwisha kuonewa na mvua huonewa tena na ndege.

Lakini yuko mnyama mmoja ambaye ningeomba wasanii wamwigize kwa hadhari, naye ni kiboko. Ngozi yake haistahimili jua, kwa hiyo hushinda majini mchana na kutoka usiku kulisha. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kusini-magharibi ya Tabora, mto Katuma hupungua wakati wa kiangazi hata viboko kwa mamia hurundikana katika madimbwi ya tope, wakiumana na kukanyagana, wengine wakifa wamesimama katika utelezi walioudhania kuwa maji. Picha zake huhuzunisha, na ni rahisi mno kuzibandika jina la tabianchi na kuondoka. Kumbe waliouchunguza mto huo wameonyesha kwamba maji yake hukingwa pia huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga, kama ulivyo mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kabisa katika miezi ya kiangazi kwa sababu ambazo kilimo cha umwagiliaji kina fungu kubwa ndani yake. Mchezo utakaomwambia mtazamaji kwamba kiboko ameuawa na moshi wa viwanda vya mbali peke yake utakuwa umemfurahisha, maana umemtoa lawamani. Lakini utakuwa umemdanganya. Na mkulima wa Nzega, ambaye mwenyewe hukinga maji ya mvua katika majaluba yake, hana ugumu wowote wa kuutambua uongo wa namna hiyo.

Sasa niseme juu ya hazina ambayo naona imesahauliwa. Wasukuma na Wanyamwezi ni ndugu, kiasi kwamba katika Nzega mtu hupata taabu kusema mmoja aishia wapi na mwingine aanzia wapi, na ndugu hawa wamekuwa na maigizo ya uwanjani yenye wanyama tangu kabla ya Mjerumani kuja. Wayeye, chama cha wenye kujua nyoka na dawa zake, ambacho mtafiti Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946, walicheza na chatu shingoni mbele ya umati. Wanunguli, wawindaji wa nungunungu waharibuo mashamba, walikuwa na nyimbo na ngoma zao; na wawindaji wa tembo vilevile, ambao pembe walizozileta ndizo zilizoilisha njia ya misafara. Mzee Mwinamila wa Tabora na kundi lake la Hiari ya Moyo waliipeleka ngoma ya nyoka mbele ya wakubwa wa taifa, na wapo wazee wanaoikumbuka vizuri kuliko hotuba zilizoifuata.

Juu ya vyama hivyo palikuwa na mashindano makubwa ya Wagika na Wagalu, yaliyotokana, kwa mapokeo ya Usukuma, na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande mbili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na hapana kamati ya waamuzi wenye karatasi: mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mchezaji akiona umati unamkimbia hubuni jambo, na katika ubuni huo ndimo zilimozaliwa sanamu za mbao, nyingine zenye viungo vinavyochezeshwa, mafisi waliofungwa kamba, vichekesho, na mizungu ya kila namna. Padri David Clement alipoanzisha makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, vitu vya ngoma hizo vilipata nyumba. Lakini nyumba ya makumbusho si uwanja, na sanamu iliyotengenezwa ili ishinde sanamu ya jirani hupoa ikiwekwa ukutani peke yake.

Kanuni ya kushindania umati naiona kuwa bora kuliko shahada ya sanaa, kwa sababu inayakata mizizi yale maradhi makubwa ya maigizo ya maendeleo, yaani mahubiri. Twayajua: kijana aliyevaa fulana ya mfadhili anamwuliza mwenziwe, “Je, ndugu yangu, wafahamu madhara ya ukataji wa miti ovyo?” na mwenziwe, ambaye amekariri, anayataja kwa mpangilio, la kwanza hadi la sita. Ngonjera, ambazo mshairi Mathias Mnyampala alizipa hadhi katika miaka ya Azimio la Arusha, zilikuwa na vina vya kuwashikilia wasikilizaji hata fundisho lilipozidi. Maigizo haya hayana hata vina. Lau yangechezwa mbele ya Mgalu mwenye fisi aliye hai, yasingebakiwa na mtazamaji ila mfadhili mwenyewe.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliliona tatizo hilo mapema. Katika miaka ya 1982 na 1983 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi Malya, wilayani Kwimba, si mbali sana na Nzega kwa mtu mwenye baiskeli na subira. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao ni jambo gani linaloumiza, nalo likadhihirika kuwa mimba za wasichana wa shule na vijana kukosa shughuli, kisha vijana wenyewe wakatunga kwa ngoma na maigizo waliyoyajua, wakacheza mbele ya watu wao, na baada ya mchezo pakawa na mjadala. Huo mjadala ndio uliokuwa mchezo hasa. Utaratibu wa Malya unaweza kuhamishwa kwa wanyama bila kupunguzwa: anayejua ni mwezi gani nyuki wamehama, lambo lipi limekauka mapema na fisi ameanza lini kuja mpaka zizini, si mtaalamu atokaye mjini, ni mchungaji wa miaka kumi na mitatu ambaye hajawahi kuulizwa.

Nikipewa ruhusa ya kubuni, mhusika mkuu ningemfanya fisi. Katika hadithi zetu ni mlafi asiyeponyeka, katika imani za nchi ile ni kipando cha wachawi usiku, na katika elimu ya wanyamapori ni mmoja wa wachache wanaonufaika ukame unapoanza, maana mawindo hudhoofika na mizoga huongezeka. Mhusika anayecheka watu wanapolia ni zawadi kwa mtunzi. Aingie uwanjani wakati wa mnada, amenenepa, awashukuru wafugaji mmoja mmoja kwa ng'ombe waliokonda, amwulize mzee aliyekaa mbele ameuza miti ya mkaa kiasi gani mwaka huu, maana kivuli kikipungua na lambo likikauka ndipo yeye hushiba. Na hapa ndipo utani, ambao njia ya misafara yenyewe yasemekana iliueneza baina ya makabila, unapofanya kazi isiyoweza kufanywa na waraka wa halmashauri. Mgogo akiwa ndani ya ngozi ya fisi aweza kumwambia Mnyamwezi mwenye mvi maneno ambayo mwanawe wa kumzaa asingethubutu, na mzee akacheka, akamjibu, “Wewe mtani wangu, nyie kwenu hata mti wa kukata hamna,” na watu wakapiga makofi, na jambo likawa limekwisha kusemwa hadharani.

Fisi huyo, lakini, awe wa gunia na fremu ya fito. Zamani mnyama hai alikuwa nusu ya mchezo, na sitaki kuwahukumu wazee kwa vipimo vya leo. Ila sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumiliki mnyama wa porini bila kibali, na ghairi ya sheria, ni vigumu kuwafundisha watu kumhurumia mnyama aliyefungwa mdomo kwa kamba mbele yao. Wenye boksi wa Kinshasa wametoa hoja ya kutosha kwamba chatu wa magunia, akibebwa na watoto ishirini, aweza kumtoa mtu dukani mbio.

Na mchezo uishie wapi? Upande wa pili wa mpaka wa wilaya ya Nzega, mkoani Shinyanga, kuna hikaya ambayo haikutungwa. Vichaka vilifyekwa huko tangu miaka ya 1920 katika vita dhidi ya mbung'o, kisha vikafyekwa kwa pamba na kwa kuni, hata nchi ikawa kame. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanzishwa mwaka 1986, ulifanikiwa pale ulipoacha kuwafundisha watu na kuwarudishia ngitili yao ya kale, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yasaidie mifugo wakati wa kiangazi, ambayo hujulikana Nzega pia. Kutoka hekta takriban 600 zilizohesabiwa mwanzoni, ngitili zilizofufuliwa zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa karne hii, na aina za ndege zilizoorodheshwa humo zilifika 145. Miti ilirudi, na kivuli, na maji ya kunyweshea. Lakini kwa kuwa hii si ngano, na nungunungu alirudi, na fisi alirudi, mazao yakaliwa na ndama wakaliwa, ingawa waliopiga hesabu walikuta faida za ngitili zilizidi hasara hizo kwa mbali.

Basi kesi ya mwisho ni hiyo, na ni ngumu kweli: ngitili ifungwe au ifunguliwe, na ndama wa mjane alipwe na nani. Fisi asimame kizimbani ajitetee kwamba yeye hakuuhamia mji, ni mji uliohamia kwake; mwenye ndama ajibu; mfuga nyuki atoe ushahidi; na hukumu isiandikwe na mtunzi bali iachiwe dagashida, baraza la jadi lililohukumu mambo ya ngitili kabla ya wasanii kufika, ambalo wazee wake watakuwa wamekwisha kukaa mstari wa mbele na fimbo zao. Nao wakiona shauri ni zito, na wakaagiza mshitakiwa arudi mnada ujao akiwa na mashahidi, wasanii hawatakuwa na la kufanya ila kumshona fisi mahali alipochanika na kujiandaa.